Neil Young Archives II: kusubiri toleo la Machi 2021 au kusaka lile la kwanza? (mjadala wa kabla ya Machi hiyo)

MpendaSanturi: Wakuu, boksi la Archives Volume II, la kumbukumbu za mwanamuziki Neil Young, lililotoka Novemba 2020 lilikuwa na nakala 3,000 tu, zikaisha kabla sijapata yangu. Sasa limetangazwa toleo jipya la tarehe 5 Machi 2021. Sidii ni zilezile 10, muziki wa 1972 hadi 1976, ila kile kitabu kinene cha kurasa 252 hakimo. Wanaouza la kwanza mkononi wanapandisha bei kila uchao. Nisubiri, au nijikamue?

Tarumbeta: Subiri, mkuu. Muziki ni uleule. Kwa walanguzi unalipia karatasi.

BiKanda: Hapo sikubaliani nawe, Tarumbeta. Miaka ile ina mengi nyuma yake. Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse, bendi iliyokuwa ikipiga na Neil Young, alifariki Novemba 1972. Mwaka uliofuata akafariki Bruce Berry, aliyekuwa akiwabebea vyombo. Majonzi hayo ndiyo yaliyozaa albamu ya Neil Young, Tonight's the Night, iliyorekodiwa 1973 ikafungiwa hadi 1975. Mimi nataka kitabu kinieleze wimbo gani ulirekodiwa lini, na nani alikuwepo studio siku hiyo. Bila hayo raha ya boksi la kumbukumbu inapungua sana. Mwenye uwezo alitafute la kwanza.

Msikivu: Kwanza kagua kabati lako. Albamu zake za Roxy, Tuscaloosa na Homegrown zilishauzwa mojamoja kati ya 2018 na 2020, na zote zimo humo. Unazo?

MpendaSanturi: Roxy na Homegrown ninazo, kwa santuri. Roho yangu iko kwenye sidii ya Odeon Budokan, yale maonyesho ya Machi 1976 kwenye ukumbi wa Odeon, London, na Budokan, Tokyo, na sidii ya Dume, ya wakati wa albamu yake ya Zuma.

Msikivu: Basi la Machi linakutosha. Wakati unasubiri, lipia ada kwenye hifadhi ya Neil Young ya mtandaoni. Sauti yake ni safi, haijabanwa.

BiKanda: Ada ni kukodi tu, ukiacha kulipa mlango unafungwa. Lakini kwa kusubiria, sawa.

MpendaSanturi: Naagiza la Machi. Aliyeisikia Odeon Budokan, ikoje?

Tarumbeta: London Neil yuko peke yake, gitaa kavu na piano. Tokyo wanaingia Crazy Horse na magitaa ya umeme. Anza na London, usiruke.