Arusha: Tumelipia mafunzo ya pikipiki za porini, wametuacha makorongoni na mwenzangu kavunjika mtulinga

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo siku tisa. Nilitaka liishe kwa simu, kiungwana, tukae watu wazima tuyamalize. Jana usiku nikatumiwa meseji kwamba tunadaiwa shilingi 95,000 za mkono wa klachi uliopinda na indiketa iliyovunjika. Uvumilivu wangu umeishia hapo. Jina la waandaaji siliandiki, waliokuwepo siku ile wanajua nawazungumzia akina nani.

Kwanza niwaeleze kwa nini mtu kama mimi nilikwenda, maana najua kuna watakaosema tulifuata starehe. Mimi ni afisa ugani, upande wa Kilimanjaro. Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, na mimi nilipata. Leseni daraja A ninayo, lakini niliipata kwa kuzunguka alama uwanjani na barabara ya lami. Mashamba ya wakulima hayako kwenye lami. Yako juu ya vilima vya udongo mwekundu ambao mwezi wa nne unateleza kama sabuni, na chini kwenye vumbi linalomeza tairi. Nimeshaanguka mara nne nikiwa kazini. Mara ya mwisho nililala chini ya pikipiki na ekzosi ikaniunguza shavu la mguu, alama ipo mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la siku nzima ya mafunzo ya kuendesha porini, asubuhi uwanjani na mchana safari ya kundi, nikalipa 150,000 kutoka mfukoni kwangu. Nikamshawishi na mwenzangu wa kazi, dada mmoja mdogo kwangu kiumri, ana mwaka mmoja tu kazini. Hakutaka. Aliniambia, "Kaka, laki na nusu hiyo ni unga wa miezi mingapi nyumbani kwangu?" Nikamwambia mguu ukivunjika atalipa zaidi ya hapo. Hayo maneno niliyasema mimi kwa kinywa changu, na kila nikimpigia simu kumjulia hali yananirudia.

Tangazo lenyewe ninalo. Limeandikwa mafunzo ya saa tatu, mwalimu mmoja kwa watu watano, makundi kwa kiwango cha uwezo, kupanda na kushuka makorongo, pikipiki za kukodi zilizokaguliwa, gari la huduma lenye vifaa vya huduma ya kwanza. Tukaambiwa tukutane Ngaramtoni saa 1 asubuhi.

Saa 1 kasorobo tulikuwa pale. Kiongozi wa msafara akafika saa 3 na dakika 20. Tulikuwa watu 22, walimu wawili. Makundi hayakuwepo: wenye mapikipiki makubwa wanaoshindana kila wikiendi, sisi wa kazini, na vijana wawili ambao hawakuwahi kutoka nje ya lami, wote mkumbo mmoja. Mwenzangu alikodi pikipiki yao kwa 80,000 nyingine. Tairi la nyuma lilikuwa kipara katikati, meno yamebaki pembeni tu. Helmeti aliyopewa kifungo chake kilikuwa kimekufa, mkanda ukafungwa kwa fundo. Akauliza kama kuna nyingine, akajibiwa hiyo ndiyo iliyobaki.

Tukaenda uwanda mmoja karibu na Oldonyo Sambu, na hapa lazima niseme haki. Mmoja wa walimu wale anajua kazi yake na anajua kufundisha. Alianza na upepo wa tairi. Akapiga magoti kwenye pikipiki yangu, akabonyeza kipini cha valvu, akawa anasikiliza upepo unavyotoka huku kidole gumba kiko kwenye mpira, akapima: kutoka 30 akaushusha mpaka 20. Akaniambia tairi gumu linadunda juu ya mawe, tairi lililolegea kidogo linayakumbatia. Akatusimamisha kwenye vikanyagio: magoti yabane tangi, viwiko nje, mikono ilegee, macho mbali. Ukilitazama jiwe, akasema, utaligonga. Akapanga chupa za maji, tukazizunguka mwendo wa mtu anayetembea, vidole viwili kwenye klachi, mafuta kidogo, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma. Wakuu, kona ambayo nimeishindwa tangu 2022 niliikata ndani ya dakika kumi. Mwenzangu alicheka kwa furaha baada ya kuzunguka chupa zote bila kuweka mguu chini. Hicho ndicho tulichokifuata.

Dakika 40 tu. Kiongozi akapiga honi, muda umekwenda, tuanze safari. Mwalimu akamwambia mbele yetu kwamba hatujagusa mteremko. Akajibiwa watajifunzia njiani.

Kabla ya kuondoka tulipewa utaratibu, na niliusikiliza neno kwa neno. Kiongozi yuko mbele, hapitwi. Wa mwisho anaitwa mkia, amevaa reflekta ya njano, hampiti mtu yeyote, akikukuta umesimama naye anasimama. Kila njia panda kiongozi anamnyooshea kidole anayemfuata, huyo anabaki pale kuwaonyesha wenzake njia na haondoki mpaka amwone mkia. Utaratibu huo ni mzuri, tena ni rahisi, hata kundi la watu 50 halipotezi mtu likiufuata. Na kwa vumbi la upande ule ndio pekee unaofaa. Ardhi ile ni majivu ya mlima Meru, mlima ambao mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Kiangazi kama hiki inakuwa laini kama unga wa sembe, wa mbele yako akipita hata mita 100 huoni kitu. Lazima uache nafasi, na ukiacha nafasi unamtegemea aliyesimama njia panda.

Njia panda ya kwanza mtu alikuwepo. Ya pili alikuwepo.

Baada ya ya pili ndipo nilipoona reflekta ya njano ikinipita. Mkia! Alitoka nyuma yetu na pikipiki kubwa, wenzake wawili wakimfuata, wanashindana. Mwenzangu alikuwa mbele yangu kidogo, wakampita mmoja kulia mmoja kushoto, vumbi likamfunika mpaka akasimama. Kuanzia dakika ile sisi wawili ndio tulikuwa wa mwisho na hakuna aliyekuwa nyuma yetu.

Njia panda ya tatu ina mgunga mkubwa uliokauka upande mmoja. Hapakuwa na mtu. Alama za matairi zilikuwa njia zote mbili. Tukasimama, tukazima injini tusikilize. Kimya, mbuzi tu wanalia mbali. Tukachagua ya kushoto kwa sababu alama zilikuwa nyingi zaidi. Baadaye nimekuja kujua kundi lilipita kulia, juu ya tuta. Ya kushoto inashuka korongoni, na zile alama nyingi ni za bodaboda wa vijijini wanaofuata maji.

Mteremko ule sio mrefu, ni kama urefu wa nyumba mbili zikifuatana, lakini umesimama na chini kuna mawe. Mtu aliyefundishwa angeshuka gia ya kwanza, klachi ameiachia, injini yenyewe ikishika mwendo, breki ya nyuma taratibu na ya mbele kwa kidole kimoja. Mwenzangu alifanya wanachofanya wengi wetu tuliozoea lami: alibana klachi. Pikipiki ikawa haina kinachoishika, ikakimbia, akaogopa, akakamata breki ya mbele yote. Tairi la mbele likafunga, akarushwa upande wa kushoto, bega likatangulia. Ile helmeti ya fundo ilimtoka kichwani na kubingirika mpaka chini. Namshukuru Mungu kichwa chake hakikufika kwenye yale mawe.

Hiyo ilikuwa saa 7 mchana. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umeinua ngozi, unauona kwa macho. Mtandao hakuna. Nikapanda juu ya tuta, nikapata mistari miwili, nikampigia kiongozi mara saba. Ya nane akapokea, nyuma yake nasikia muziki, akasema "mtatukuta mbele", akakata. Sikupata hata nafasi ya kutamka neno "kuumia".

Waliotusaidia ni watoto wawili wa Kimasai waliokuwa wanachunga. Mmoja akakimbia, akarudi na mama yake. Yule mama hakuuliza maswali. Alivua shuka, akaikunja pembetatu, akaipitisha chini ya mkono wa mgonjwa na kuufunga mkono kifuani, na kila alipokaza fundo alikuwa anamtazama usoni, sio begani. Akasema pole, akakaa naye kivulini mpaka tukaondoka. Kijana wa bodaboda akaenda barabarani kututafutia gari, akarudi na kenta iliyobeba matenga ya nyanya inayoshuka Usa River kupitia Ngare Nanyuki. Dereva akampisha mgonjwa mbele, mimi na utingo tukakaa juu ya nyanya. Pesa alikataa.

Tulipofika Ngare Nanyuki nikaona pikipiki zimepangwa mstari mmoja nje ya mahali pa kula. Wako wote pale, wanakula nyama. Mwenye reflekta ya njano ameitundika kwenye kiti. Zaidi ya saa moja na nusu ilikuwa imepita na hakuna aliyehesabu kwamba wako 20. Nikamwendea kiongozi, nikiwa na vumbi na damu ya mwenzangu kwenye shati. Aliniambia hivi, nanukuu: "Aah, kumbe nyie mlikuwa nyuma?"

Nikaomba gari la huduma limpeleke hospitali. Dereva akasema linasubiri kama kuna pikipiki itakayoharibika. Nikaomba sanduku la huduma ya kwanza. Ndani kulikuwa na plasta za vidole, chupa ya spiriti na mkasi. Sehemu kubwa ya gari ilikuwa kreti za soda. Tukaendelea na kenta ya nyanya, hospitali tukafika saa 11 jioni.

Mtulinga umevunjika vipande viwili. Daktari amesema mkono ukae kwenye kombeo wiki sita. Matibabu mpaka sasa ni 185,000. Dada huyu ana watoto wawili, anaishi peke yake nao, kuchota maji hawezi, kufunga kitenge hawezi. Jirani ndiye anayemsaidia.

Siku ya pili yake wameweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, siku imefana, asanteni wote. Nikaandika kwa adabu kwamba kuna mwenzetu ameumia na hatujapigiwa hata simu. Nikatolewa kwenye kundi. Nikampigia kiongozi, akaniambia mchezo huu una hatari zake na wote tulisaini fomu.

Fomu nimeisoma tena na tena. Inasema naelewa kwamba naweza kuanguka na kuumia. Nakubali, nilisaini, na mwenzangu angeanguka baada ya kufundishwa mteremko, akiwa na tairi lenye meno na helmeti inayofunga, na mkia yuko nyuma yake, nisingefungua uzi huu. Pikipiki ya porini inaangusha, hilo nalijua kuliko wao, mguu wangu shahidi. Hakuna mstari hata mmoja kwenye ile karatasi unaosema nakubali kuachwa. Hakuna unaosema nakubali kulipia saa tatu nikapewa dakika 40. Kuanguka ni bahati mbaya. Mkia kumpita mtu wa mwisho ni uamuzi wa mtu mzima mwenye akili zake, aliyelipwa kwa pesa zetu asifanye hivyo.

Ninachotaka nimewaandikia na narudia hapa. Walipe 185,000 za matibabu na kitakachoongezeka. Wamrudishie dada huyu 230,000 zake zote. Za kwangu wakitaka wabaki nazo, zile dakika 40 za mwalimu zina thamani na yeye hana kosa. Na meseji ya 95,000 waifute, pamoja na kumwomba radhi kwa kumtumia mtu mwenye mkono kifuani bili ya klachi. Tangazo la safari nyingine, Jumamosi ijayo, wameshaliweka tangu juzi. Bei ni ileile, maneno ni yaleyale, mwalimu mmoja kwa watu watano.

Nina ombi kwa mtu mmoja. Wewe uliyenyooshewa kidole kwenye njia panda ya tatu, pale kwenye mgunga uliokauka upande mmoja. Nakumbuka ulivaa jezi ya bluu na ulikuwa mpole asubuhi, uliniazima pampu. Sidhani kama uliondoka kwa kujiamulia. Nafikiri ulimwona mwenye reflekta ya njano akipita ukajua wote tumekwisha, ukawafuata. Kama ndivyo, njoo PM uniandikie tu kwamba ndivyo ilivyokuwa, na alipita saa ngapi.