Amewasilisha pingamizi Ujerumani: anaweza kufungua mgahawa?

Muulizaji (Wete): Assalaam alaykum. Mdogo wangu ana mgahawa katika mji mmoja wa Ujerumani. Mamlaka ya biashara imempelekea barua ya kumkataza kuendelea na kazi hiyo, na chini yake imeamuru katazo hilo litekelezwe mara moja. Amewasilisha pingamizi ndani ya mwezi mmoja, kama barua ilivyomwelekeza, na anaamini anaweza kufungua mpaka ajibiwe. Je, ana haki?

Wakili wa Vuga: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Imani yake ina msingi, ila haimsaidii hapa. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Mwenendo wa Mahakama za Utawala ya mwaka 1960 kinaanza kwa kusema kuwa pingamizi, au shauri la kubatilisha uamuzi, husimamisha utekelezaji bila ya kuomba zuio, jambo ambalo sisi tuliozoea kukimbilia zuio hata kwa kibanda cha Darajani hulistaajabia. Lakini kanuni hiyo haigusi kodi na ada za umma, hatua za polisi zisizoweza kungoja, mambo ambayo sheria yenyewe imeyaondoa katika kanuni hiyo, wala uamuzi ambao mamlaka imeuamuru utekelezwe papo hapo kwa maslahi ya umma au ya mhusika mwenye maslahi mazito zaidi. Mdogo wako yumo katika hili la mwisho. Asifungue.

Mwanafunzi, Tunguu: Naomba aisome tena barua, atafute sababu za haraka, ambazo ni mbali na sababu za kumfungia. Mamlaka inatakiwa kuandika kwa nini jambo hili mahsusi haliwezi kungoja, na maneno ya jumla hayatoshi. Kisha aiombe Mahakama ya Utawala irejeshe nguvu ya pingamizi lake. Ikiwa amri imeshatekelezwa, mahakama inaweza hata kuagiza utekelezaji huo utenguliwe.

Muulizaji (Wete): Sababu hizo zikiwa dhaifu, atafungua?

Wakili wa Vuga: Huenda, lakini kwa kasoro hiyo peke yake mamlaka inaweza kutoa amri nyengine yenye sababu bora. Kilicho kizito ni mizani ya mahakama yenyewe: katazo likionekana waziwazi kuwa ni kinyume cha sheria, hakuna maslahi ya umma ya kulitekeleza, likionekana halali, bado haraka lazima ithibitike. Awahi wakili wa huko, kwani ombi likikataliwa, rufaa ina wiki 2 tu.