Mama hajawahi kuona bahari: nimpandishe boti ipi aione Dar kutoka majini?

Mnyaturu wa Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu anashuka Dar kutoka Singida mwezi ujao, mara yake ya kwanza. Maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Singidani. Kwenye simu ameniambia hataki kuzungushwa madukani. Anataka kuona bahari, na akiwa huko huko majini auone mji anaoishi mwanawe. Ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua, na basi likiyumba sana anatapika. Nimefikiria boti ya Zanzibar, nimefikiria pia Bongoyo. Hela ni ya kawaida. Wenyeji, nishaurini.

Kijana wa Msasani:
Bongoyo ni pazuri, mkuu. Boti zinatokea Slipway, kama nusu saa mmefika, mnakula samaki wa kuchoma mchangani. Ila juu ya nauli kuna kiingilio cha hifadhi ya bahari, na kule mara nyingi mnashukia majini, kwa hiyo lifikirie lile goti. Halafu mtakachoona ni maghorofa ya Masaki na pwani ya Mbezi. Posta na bandari vinazibwa na rasi ya Msasani.

Mama Vibua Kigamboni:
Mwanangu, mpeleke mama pantoni, kile kivuko cha kutoka Magogoni upande wa mjini hadi Kigamboni.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni, nakaanga samaki. Alfajiri navuka kwenda mnadani Feri, narudi na ndoo zangu jua limeshatoka. Mji huu nimeutazama kutoka majini tangu nabebwa mgongoni, na siujui uzuri wake mwingine unaoshinda huo. Ukiwa Posta huoni mji, unaona ukuta wa jengo lililo mbele yako na foleni ya magari.

Nisikilize kuhusu saa. Asubuhi Kigamboni yote inakimbilia mjini, kwa hiyo pantoni inayotoka Magogoni inakwenda na nafasi tele. Pandeni saa tatu hivi. Jua linakuwa upande wetu, linaupiga mji usoni, mnahesabu hadi madirisha. Jioni jua limehamia nyuma ya maghorofa, mnaona weusi mtupu, na watu wamebanana hata pa kuweka mguu hakuna. Jioni usimlete kabisa.

Mkianza kuvuka, kushoto kwenu ndio mlango wa bandari. Ni mwembamba. Mwaka 1914 Wajerumani walizamisha hapo chelezo cha kutengenezea meli ili manowari za Waingereza zisiingie. Ikulu iko upande huo huo wa Magogoni, kwenye miti. Ile ya Wajerumani ilipigwa mizinga kutoka baharini katika vita hiyo ya kwanza ya dunia, Waingereza wakaja kuijenga upya mwaka 1922. Mkibahatika meli ya makontena ikawa inaingia, pantoni inaisubiri ipite, na mama ataona kitu kama mtaa mzima unatembea mbele yake. Mimi hadi leo naacha mazungumzo nikiiona.

Utamu wenyewe uko kwenye kurudi. Mwambie mama asimame mbele, upande wa kushoto, mahali pa kushika. Mtafutie makanisa mawili: Azania Front la Walutheri, lile la vigae vyekundu, na St. Joseph la Wakatoliki, lenye mnara uliochongoka. Yote yalianza kujengwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1890. Utotoni kwangu macho yalianzia hapo. Sasa Jengo la Bandari na minara pacha ya PSSSF, ule mfuko wa pensheni, vimepanda juu sana, na makanisa inabidi uyatafute. Maghorofa nayapenda, usiku yakiwaka yanapendeza mno. Lakini nakuomba umwonyeshe mama yale makanisa na ile safu ya chini ya Kivukoni kwanza, ndipo ainue macho. Akianzia juu hatauelewa mji. Dar ilianzia hapo ufukweni: Sultani Majid wa Zanzibar alipopachagua miaka ya 1860 alikuwa anayatazama haya haya maji ya ndani yaliyotulia, na hayo ndiyo yatakayomfaa mama yako asitapike.

Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, unagonga N-Card, kadi ya kulipia. Safari ni dakika chache, kwa hiyo akipenda geuzeni mvuke tena. Wenye magari wengi siku hizi wanazunguka na Daraja la Nyerere tangu lifunguliwe 2016, ila ukiwa garini hupati muda wa kutazama kitu.

Mnyaturu wa Tabata:
Shikamoo mama. Nimeelewa, na nimefurahi kweli. Je, boti ya Zanzibar niiache kabisa? Na picha naruhusiwa kupiga?

Baharia Mstaafu:
Nijibu hilo la boti. Kama mnakwenda Zanzibar kwa shughuli zenu, kaeni kushoto. Mtapita mbele ya Kivukoni, soko la samaki, Ikulu, kisha Ocean Road na ile hospitali nyeupe ya zamani, na mbele zaidi Daraja la Tanzanite, lile la 2022. Mji unaonekana kwa urefu wake, jambo ambalo pantoni haiwezi kukupa. Lakini mkishatoka mlangoni boti inafungua mashine, na ukija mwezi wa saba kusi inavuma, abiria wanatapika hata wazima. Kwa safari ya kutazama tu, na mgonjwa wa kichefuchefu, mimi ningemsikiliza huyo mama wa samaki.

Mama Vibua Kigamboni:
Marahaba mwanangu. Picha mpige mama yako na mji nyuma yake, simu usiielekeze Ikulu. Goti lisikutie hofu: geti likifunguliwa msikimbie na umati, subirini mwanzoni watoke wenye haraka, halafu mshike mkono kwenye ule mteremko wa chuma, unateleza ukiwa na maji. Na mvae viatu vya chini. Mkishuka upande wetu ulizieni wakaanga samaki karibu na kituo cha daladala, mama akapate kibua cha moto na ndimu kabla hamjarudi.