Mama mjane hatoki ndani, hii yoga ya kicheko itamsaidia kweli?

Binti_Pasua
Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, Pasua. Baba alifariki mwaka jana mwezi wa nane tukamzika kihambani Kibosho, na tangu tuanue matanga mama amekuwa mtu wa ndani tu, anafagia uwanja, anapika, anakaa kwenye kigoda mpaka chai inapoa mkononi, vikoba kaacha, jumuiya akiitwa anasema miguu inauma. Sasa jirani yetu ana kundi wanakimbia Jumamosi asubuhi, wakimaliza wanasimama duara wanacheka kama robo saa, eti ndo yoga ya kicheko, anataka aende na mama. Naogopa vitu viwili, kwanza kama ni kelele tu haisaidii kitu, pili watu watasema mjane anacheka kiwanjani na kaburi la mume halijajengewa. Naombeni ushauri jamani.

Nesi_Sakina
Pole sana mdogo wangu. Hiyo kitu ilianzishwa na daktari Mhindi, Madan Kataria, mwaka 1995 Mumbai, asubuhi bustanini na watu 5 tu. Mwanzo walikuwa wanasimuliana vichekesho, wiki mbili hazijaisha vizuri vikaanza kuwa vya matusi na vya kudhalilisha watu, ndo akasema basi tucheke bila sababu, mke wake ambaye anajua yoga akaongezea mambo ya kupumua. Unaanza kwa kujilazimisha, makofi, ho ho ha ha ha, mnatazamana machoni, baadae kinakuja chenyewe. Na 2011 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walionyesha watu wakicheka pamoja wanavumilia maumivu zaidi, wakasema ni zile endorfini, kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili wenyewe unatoa. Ila kama mama ana ngiri, presha isiyotulia, moyo, au kafanyiwa operesheni juzijuzi aongee na daktari kwanza. Na kama halali, hali, anasema heri afe, hapo usisubiri Jumamosi, mpeleke hospitali.

Kagera_Kwetu
Mi nina wasiwasi na kicheko cha makundi. Kwetu Kashasha 1962 wasichana wa shule walianza kucheka wakashindwa kuacha, shule ikafungwa, ikasambaa mpaka vijiji vingine.

Nesi_Sakina
Ndugu yangu ile haikuwa raha, wale watoto walikuwa wanacheka na kulia, waliosoma lile tukio wengi wanasema ni msongo ulitafuta pa kutokea. Hapa mtu anaanza akitaka na anaacha akitaka.

Mtani_wa_Same
Binti, hilo la watu watasema nakujibu mimi Mpare maana nyie Wachaga ni watani zetu. Jirani yetu mmoja Machame alipofiwa na mume, tulienda msibani, mjomba wangu akavaa koti na kofia ya marehemu akapita uani anachechemea vilevile kama mzee, anagonga kila mlango anadai mbege yake. Yule bibi alikuwa siku mbili hajatia kitu mdomoni, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akalia sana, halafu akaomba uji. Hakuna aliyesema kamdharau mumewe. Wazee walijua mfiwa asipochekeshwa anamfuata marehemu. Mwache mama aende.

Dereva_Njiro
Mi naenda kundi kama hilo huku Arusha tangu kazi ya kuendesha watalii iishe. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nafungua mdomo tu kifua kimekaza, kuna siku mzee mmoja ananitazama nikaanza kulia badala ya kucheka, hakuna aliyeniuliza, wakanishika mkono tukaendelea kupumua. Kucheka kwenyewe kunanipa nafuu asubuhi ile, ila kilichonibadilisha zaidi ni kwamba nisipotokea simu inaita, mtu anapita getini, tumeshaenda kulimiana mahindi. Nyumbani peke yangu nimejaribu, haiji. Ushauri wangu usimpeleke na kumwacha, simama nae kwenye duara wewe mwenyewe.

Binti_Pasua
Asanteni sana, nimesoma zote nikamsomea na ile ya koti, akatabasamu akasema baba angemfukuza huyo Mpare na fimbo. Presha tumepima ipo sawa. Kakubali kwenda ila kasema atakaa pembeni aangalie tu. Jana jioni nimemkuta bombani anasugua raba zake.