MJADALA: Mtoto akiuliza "kafa kweli?" kwenye anime (katuni za Kijapani), tumzimie tivii au tumjibu?

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili humu maana kwenye grupu letu la wazazi limeleta maneno wiki nzima na mimi nimebaki naonekana mzazi asiyejielewa.

Ilianza hivi. Binti yangu ana miaka 10, binamu yake kaja likizo na flash aliyojaziwa katuni huko kwa wale jamaa wa kujaza muvi, wakakaa sebuleni wakaweka The Promised Neverland. Mimi natoka kuoga napita zangu, namkuta kasimama katikati ya sebule kashika mgongo wa kiti, macho kwenye tivii, hageuki hata kuniangalia, ananiuliza "Baba, huyu Conny kafa kweli au ataamka?" Nikakaa pale pale na taulo langu begani mpaka episodi ikaisha.

Kwa ambao hamjaiona nitalazimika kumwaga mambo ya ndani, mnisamehe. Kuna nyumba ya yatima inaitwa Grace Field, watoto wanakula vizuri, wanavaa nguo nyeupe safi, kila siku wanafanya mtihani, na wana mlezi wanamuita Mama. Conny ana miaka sita, kapata wazazi wapya, kavalishwa vizuri kaondoka usiku, kasahau mdoli wake wa sungura. Emma na Norman wana miaka 11, wanaamua wamkimbizie mdoli wake mpaka getini, geti ambalo Mama siku zote kawakataza kulisogelea. Wanakuta gari limepaki, wanachungulia nyuma, na aliyelala humo ni Conny, hana uhai, ua jekundu limechomekwa kifuani. Afu mazimwi wanaingia wanazungumzia nyama, wale watoto wamejibana chini ya gari, na hapo ndo wanaelewa kwamba ile nyumba yao ni banda la mifugo na Mama ndiye anayewafuga.

Sasa mwanangu kakulia kwenye katuni za paka kapigwa nyundo kawa bapa kama chapati, sekunde mbili kasimama anakimbia. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la maana kabisa, alikuwa anauliza hii dunia ina sheria gani. Nikamwambia hapana mama, haamki. Akanyamaza kidogo, afu akauliza la pili, na hili ndo limenileta humu: "Sasa kwanini yule Mama hakuwaambia?"

Nikalisimulia kwenye grupu nikidhani tutacheka pamoja na kushauriana. Weee. Mmoja kasema katuni za kishetani, mwingine kasema mtoto ataota usiku, mwisho wakakubaliana wote kwamba anime marufuku majumbani mwao mpaka mtoto amalize darasa la saba. Mimi nikasema sikubali, na sababu zangu nazileta hapa.

Kwanza tusijifanye sisi hatukutishwa. Bibi zetu walitusimulia zimwi anakula watu giza totoro, taa ya kibatari inacheza ukutani, na tulilala. Ila kulikuwa na makubaliano, bibi anasema hadithi hadithi, sisi tunajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tumeuita uongo wenyewe kabla haujaanza. Hizi anime ninazozisema zinafanya kinyume, wahusika wanaishi ndani ya uongo na hakuna mtu aliyewaambia kwamba ni uongo, wala hawakuitika chochote. Madoka Magica ya 2011 ni hivyo hivyo, rangi za pinki, mabinti wa shule, kijinyama kizuri kinaitwa Kyubey kinakuja kutoa ofa ya kutimiza ombi lako moja ukikubali kupigana na wachawi, na episodi ya tatu Mami anauawa vibaya mno, na baadaye wakimuuliza Kyubey mbona hukutuambia gharama yote, jibu lake ni kwamba hamkuuliza. Bokurano ndo kabisa, watoto wanasaini mkataba wakidhani ni gemu, kumbe kila anayeendesha lile roboti kubwa pambano likiisha naye anakufa.

Ukiziangalia zote hizo utagundua anayewaumiza watoto ni yule mkubwa anayejua na kukaa kimya. Ndo maana nasema tukizima tivii pale mtoto anapouliza, sisi ndo tunakuwa yule Mama wa getini. Tunamwambia usisogee, sababu hatumpi.

Pili, hawa Wajapani wenyewe wameshapigana mjadala huu huu. Kuna kitabu cha katuni kinaitwa Barefoot Gen, kimechorwa na Keiji Nakazawa ambaye bomu la Hiroshima la Agosti 6, 1945 lilimkuta ana miaka sita na kumuulia baba, dada na mdogo wake. Desemba 2012 idara ya elimu ya mji wa Matsue ikaziambia shule za msingi na za kati zikitoe kwenye rafu za wazi maktaba, mtoto asikichukue mwenyewe, eti kina picha za ukatili. Mwezi huo huo Nakazawa akafariki. Habari ilipovuja Agosti 2013 watu wakaja juu nchi nzima na kabla mwezi haujaisha agizo likafutwa. Fikirieni, yeye aliyaona akiwa na miaka sita, afu mtoto wa miaka 12 akaambiwa bado mdogo hata kusoma.

Na tatu, ambayo ndo inaniuma zaidi. Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami. Mji wa Kamaishi, watoto walishafundishwa na profesa mmoja anaitwa Toshitaka Katada kwamba msiiamini sana ramani ya hatari, kimbieni, na kimbieni wa kwanza. Wanafunzi wa shule ya kati wakatoka mbio, wale wadogo wa shule ya msingi ya jirani wakawaona wakawafuata, wakapanda juu, wakaona hapatoshi wakapanda tena. Karibu watoto 3,000 wa mji ule wakapona. Siku hiyo hiyo shule ya msingi ya Okawa kule Ishinomaki watoto waliwekwa uwanjani kama dakika 50 wakubwa wakijadiliana, kilima kiko nyuma ya shule. Wakafa wanafunzi 74 na walimu 10. Wazazi walienda mahakamani na wakashinda.

Mtoto aliyeambiwa kweli alikimbia. Karibuni, nipingeni kwa hoja.

#2
Mkuu pole kwa grupu, ila mimi ningekuwa kwenye hilo grupu ningekuwa upande wa wale. Unachanganya vitu viwili. Mazoezi ya kukimbia tsunami ni elimu, mtoto anaonyeshwa njia ya kupanda kilimani. Maiti ya mtoto mwenzie yenye ua kifuani haina njia yoyote ndani yake, ni picha tu inayobaki kichwani. Wangu wa miaka tisa aliangalia Attack on Titan kwa jirani, pale ukuta unabomolewa na mama yake Eren analiwa mtoto akiona. Wiki mbili nikiwa jikoni anakuja kunishika kanga, hasemi kitu, kashika tu. Nikienda dukani analia. Hiyo hatari ya kweli imemfundisha nini? Na kweli kusema, mimi natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, wewe una bahati ulikuwa unatoka kuoga.

#3
Naunga mkono mleta mada. Ukali uko wapi hapo, mbona taarifa ya habari tunaangalia nao mezani?

#4
Wakuu niongezee kitu mnachokisahau, kuna hatari nyingine haiko hata kwenye stori. Desemba 16, 1997 Japani episodi moja ya Pokemon ilikuwa na mwanga mwekundu na wa bluu unamulika kwa kasi, watoto zaidi ya 600 wakakimbizwa hospitali, wengine degedege. Stori yenyewe haikuwa na lolote la kutisha. Baada ya hapo ndo Wajapani wakaanza kuweka maneno mwanzoni kwamba angalia kwenye chumba chenye mwanga na kaa mbali na tivii. Watoto wetu wanaangalia kwenye simu ndani ya shuka taa imezimwa. Tuanzie hapo jamani.

#5
Niko Goma, Kongo. Nimesoma yote na nitaongea kidogo. Sisi huku, watoto hawahitaji katuni ya kuwaambia hatari ni ya kweli. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tulitembea usiku kuelekea mji wa Sake, mdogo wangu alikuwa na miaka saba, anaangalia nyuma mbingu nyekundu. Januari 2025 masasi (risasi) tena, siku kadhaa tumelala chini kwenye sakafu ya simenti. Sasa yeye anapenda katuni moja tu, ile watu wanapigwa wanaanguka wanasimama, na anairudia. Nilitaka kumwekea hizo kubwa-kubwa mnazosifia akaniambia hapana yaya (huku ndo tunaita mkubwa wako), hiyo naijua. Kwa hiyo msiseme mtoto anayekataa amefichwa. Wengine wameshaambiwa tayari.

MLETA MADA
Ndugu wa Goma, pole sana na asante. Hilo sikulifikiria na nakubali lote. Nilikuwa naandika kama vile watoto wote wako upande mmoja wa lile geti. Mdogo wako ana haki ya kuangalia anayesimama, airudie hata mara 100, na mtu yeyote asimwambie amekua aangalie nyingine.

#4 hoja ya mwanga na shuka naichukua kama ilivyo, jana nimebadilisha utaratibu nyumbani, hakuna skrini chumbani.

Dada wa #2, hapo kwenye kanga umenigusa. Sikuja kusema mtoto atupiwe tu. Ila ngoja nikuonyeshe kitu cha ndani ya ile ile Neverland maana naona inakujibu kuliko mimi. Emma na Norman walipojua, nao walificha. Waliwahurumia wenzao Don na Gilda, wakawaambia Conny kauzwa kwa watu wabaya lakini yuko hai. Don akashika matumaini, akaingia na Gilda kwenye chumba cha siri cha Mama wakitafuta jinsi ya kumwokoa, na humo wakakuta nini? Yule sungura. Sungura ambaye Conny hatengani naye. Don alivyojua kwamba wenzie walijua muda wote alirusha ngumi, na alilia. Waliomficha walikuwa wanampenda na bado ilimuumiza kuliko habari yenyewe. Upande wa pili kuna Phil, ana miaka minne. Emma alimwambia kweli yote, na dogo ndo akakubali kubaki na wadogo wenzie akisubiri wakubwa warudi kuwachukua. Miaka minne, dada.

Mwanao kashika kanga kwa sababu anajua kitu na hajui kama wewe unakijua. Mimi wangu naye usiku ule aliniuliza tena, kesho yake akauliza tena, kwenye daladala mbele za watu kauliza mama atakufa lini. Nikamjibu sijui, ila leo anatusubiri na maharage. Baada ya siku nne tano akaacha kuuliza akaanza kuchora ramani ya kutoroka nyumbani kwetu, kaweka mpaka ukuta wa jirani na mbwa wake.

#2
Sawa nimekuelewa, ila muda wangu ndo huo huo, Jumapili tu. Kama ni kuanza naye upya nianze na ipi isiyo na mazimwi? Hilo jitu linalokula mama wa watu silitaki tena machoni.

MLETA MADA
Jaribu Tokyo Magnitude 8.0, ya 2009, episodi 11 tu. Hakuna zimwi wala mchawi, ni tetemeko. Binti anaitwa Mirai, amechoka na nyumbani kwao, kapelekwa maonyesho ya roboti na mdogo wake Yuki, amenuna, kaandika kwenye simu kwamba dunia hii heri ingebomoka, na papo hapo inaanza kutikisika kweli. Wanatembea kwa miguu kurudi kwao, njiani kuna mama mmoja dereva wa pikipiki anaitwa Mari anawashika mkono, naye ana mwanae mdogo kamwacha mbali hajui kama yuko hai. Mtoto atajifunza nini cha kufanya jengo likitikisika, maji, choo, kupanga foleni, vyote vimo. Na tsunami si ya Japani tu, ile ya Desemba 26, 2004 ilifika mpaka pwani yetu hii ikaondoka na watu waliokuwa wanaogelea Dar.

Episodi sita za mwanzo anaweza kuangalia hata ukiwa unapika. Kuanzia ya saba usitoke, kaa naye kochi moja, mdogo mtu hali inabadilika na Mirai hataki kuona. Ya kumi ikiisha zima kwanza, msubiri aulize.

#2
Nimeandika. Jumapili hii mbili za kwanza.