Viraka, paka na mbio za nyumbani: gumzo la kikundi cha familia

*Rehema:* Jamani habari za asubuhi, naombeni ushauri kabla sijamrudisha huyu paka alikotoka. Nimepanga miraba yote ya blanketi la viraka sakafuni nione rangi zinavyokaa, nimetoka kumfungulia mbwa tu akojoe, narudi Chausiku kalala katikati, mstari wa juu wote uko chini ya kabati na mraba mmoja siuoni kabisa 😩 (picha)

*Neema:* 😂😂😂 ona anavyokuangalia sasa

*Mama Junior:* Mwenye nyumba huyo, sisi wengine wapangaji tu

*Bamdogo:* Huo mraba mwingine muulize mbwa

*Rehema:* Bamdogo usinitie presha. Lile blanketi la mtoto wa Neema linatakiwa kabla hajajifungua na leo nina nguo za kufua, gesi imeisha, Askari hajatembezwa tangu jana jioni alafu saa 8 ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Sasa nashona saa ngapi mimi

*Shangazi:* Rehema mwanangu yani umeanza na paka shikamoo hakuna

*Rehema:* Shikamoo shangazi 🙈🙈

*Shangazi:* Marahaba. Sasa sikiliza, acha kupanga sakafuni. Chukua shuka la flaneli kuukuu au ile pamba iliyobaki, ile inayokaa katikati ya kitambaa cha juu na cha chini, igongee ukutani, vipande vya kitambaa vinanata vyenyewe hata pini hutumii. Unabandika unarudi nyuma unaangalia, ukichukia unabandua. Ukuta paka hawezi kuulalia

*Bamdogo:* Atapanda na makucha

*Shangazi:* Basi fungeni mlango! Kila kitu niseme mimi

*Mama Junior:* Mi nimeshaacha kutafuta "siku ya kushona" maana haipo, hiyo siku ukiipata tu mtoto anaumwa au mbwa katapika kwenye zulia. Ninachofanya nakata kila kitu kwa mkupuo mmoja usiku wakiwa wamelala wote, alafu vipande vya kila mraba naviweka kwenye kontena lake lenye mfuniko. Maji yakiwa jikoni yanachemka nafungua kontena moja, nalisha vipande viwili viwili kwenye cherehani mfululizo bila kukata uzi kati ya jozi na jozi, vinatoka vimefuatana kama bendera za sherehe, nikiitwa naacha hapohapo. Ukirudi hujiulizi ulikuwa wapi

*Rehema:* Hii nimeipenda. Mi nilikuwa nakata kidogo nashona kidogo napiga pasi kidogo, kila mara nawasha pasi nazima pasi

*Mama Junior:* Na hiyo pasi ndo usiiache wima ukaenda kufungua mlango, paka wanapenda ile meza kwa sababu ina joto

*Neema:* Ivi si tugawane tu miraba? kila mtu ashone kwake tukusanye, mi nipo nyumbani nimekaa tu na tumbo langu

*Shangazi:* Hapana. Tulishajaribu kwa harusi ya yule. Kila cherehani ina robo inchi yake ya ukingo wa mshono, mwenye cherehani anaapa ni robo lakini ukipima siyo. Ukizidisha milimita 1 tu, mshono unakula pande zote mbili kwahiyo ni 2, mstari ukiwa na mishono 8 umepoteza milimita 16, pembe hazikutani tena hata uvute vipi. Kushona ashone mmoja. Wengine mkate, mpige pasi, na mwisho mshone ule utepe wa ukingoni kwa mkono

*Neema:* Sawa kamanda 🫡

*Mama Junior:* Rehema ila vile viuzi vya kukata weka kopo lenye mfuniko pembeni ya cherehani, usiache mezani wala kwenye ndoo wazi

*Rehema:* Nina kakikapu

*Shangazi:* Kikapu ni sahani ya paka hiyo

*Rehema:* Jamani ngojeni

*Rehema:* Chausiku ana uzi unaning'inia mdomoni kama sm 10 hivi, anameza meza mate

*Shangazi:* USIVUTE

*Shangazi:* Rehema usivute huo uzi. Usikate pia. Usimpe chakula wala mafuta wala maziwa. Piga simu kwa daktari wa mifugo sasa hivi

*Neema:* Kwann asivute shangazi si unatoka tu

*Shangazi:* Kwa sababu hujui upande wa pili umeshika wapi. Mara nyingi uzi unajizungusha chini ya ulimi, ule mwingine ushaingia tumboni mpaka kwenye utumbo. Utumbo unaendelea kusukuma lakini uzi umeng'ang'ania juu, basi utumbo unajikusanya mikunjo mikunjo kama kiuno cha suruali ya kamba, na uzi unaweza kuukata kabisa. Ukivuta ndo unamalizia. Hata ukiuona unatokea nyuma ni vilevile, usiguse. Na kama kulikuwa na sindano ndo balaa zaidi. Rehema sindano zote unaziona?

*Rehema:* Ya cherehani ipo. Ya mkono nilikuwa nayo kwenye kimto cha sindano ngoja nihesabu

*Rehema:* Zipo zote. Daktari kasema nimlete saa hii hii. Na Askari je jamani na saa 8

*Bamdogo:* Askari namchukua mimi nampeleka matembezi kidogo then chanjo. Kadi yake iko wapi

*Rehema:* Droo ya juu ya meza ya tv, kamba iko nyuma ya mlango. Asante bamdogo 🙏 mlango wa nyuma nauacha wazi, ukitoka ufunge

*Bamdogo:* Na mtungi wa gesi nabeba hukohuko. Nguo ndo sifui

*Mama Junior:* 😂😂 umeombwa?

*Neema:* Maskini Chausiku. Mi najisikia vibaya maana blanketi lenyewe la kwangu. Da Rehema nilitaka kukwambia tangu juzi nikaona aibu, usijiue na hiyo tarehe. Kliniki wametuambia mtoto asilale na blanketi wala mto wala kitu chochote laini kitandani mpaka afikishe miezi 12, anaweza kujifunika pua akashindwa kupumua. Alale chali kwenye godoro gumu lenye shuka limekaza basi. Kwahiyo hilo tutalitandika chini achezee akiwa macho na mtu anamuangalia

*Shangazi:* Sisi tuliwafunika wote na mko hapa mnachati

*Neema:* Shangazi 😅

*Shangazi:* Nimesema tu. Daktari akisema fuateni. Lakini kama ni la kutandika chini basi linabadilika, pamba ya katikati iwe nene kidogo, na mistari ya kukamata tabaka zote 3 iwe karibu karibu maana litafuliwa kila siku, ukiiacha mbalimbali pamba inakusanyika pembeni. Usitie vifungo wala shanga, mtoto anang'oa anaweka mdomoni

*Mama Junior:* Na vitambaa vifuliwe kabla ya kukata hasa ule mwekundu, usipotoa rangi sasa utatoa kwenye ule mweupe. Kwa sababu ya manyoya pia, ukiwa na paka na mbwa manyoya yanaingia kwenye pamba wakati wa kupiga bandi, yani kushikiza tabaka kwa muda kabla ya kushona, alafu yanatokezea juu ya kitambaa cha rangi nyeusi, hayatoki hata uvute

*Shangazi:* Kupiga bandi apige kwa uzi au pini, ile gundi ya kupuliza asitumie ndani na wanyama. Nje au dirisha wazi na wao wako chumba kingine

*Mama Junior:* Na pini ziwe za kichwa cha kioo, zile za plastiki zinayeyuka kwenye pasi. Sumaku awe nayo apitishe chini akimaliza, miguu ya mbwa haijui pini

*Neema:* Mnamuongelea kama hayupo 😂 da Rehema vipi huko?

*Rehema:* Tumetoka chumba cha daktari sasa hivi. Uzi ulikuwa umejizungusha chini ya ulimi kama shangazi alivosema, wamempa dawa ya usingizi kidogo wakaukata pale, na wamepiga eksirei kuangalia sindano, hakuna. Kasema uzi wenyewe hauonekani kwenye eksirei kwahiyo hawezi kusema kilichobaki ni kiasi gani, wanabaki naye mpaka kesho wamuangalie. Akitapika au akigoma kula wanamfungua tumbo

*Shangazi:* Alhamdulillah umewahi. Wengi wanaenda siku ya tatu

*Neema:* 🙏🙏🙏

*Rehema:* Mama Junior yale makontena ulipata saizi gani? Nataka yanayofunga kwa kubana siyo ya kufunika juu tu, huyu anafungua hata kabati

*Mama Junior:* Nina manne ya ziada nitayaleta kesho. Neema naye aje apige pasi akiwa amekaa

*Neema:* Nakuja

*Bamdogo:* Askari kachanjwa, kalia mlio mmoja kama mtoto mdogo. Nimeandikiwa tarehe ya kurudi mwakani iko kwenye kadi. Sasa niko mlangoni na gesi na mbwa, ule mlango wa nyuma nani kaufunga

*Rehema:* Si wewe ulipotoka? Funguo ipo kwa jirani wa juu mgongee, mi nipo njiani