Mtoto wa miaka 4 na habari za rangi: aambiwe au aachwe kwanza?

Mama Pacha: Jana kwenye basi mwanangu wa miaka 4 kanyoosha kidole: "Mama, mbona yule mweusi hivyo?" Abiria wakageuka wote. Nikamfinya paja, akanyamaza. Shangazi yake anasema nianze kumweleza ubaguzi wa rangi mapema. Baba yake hataki kusikia, eti namharibu mtoto. Nyie mnasemaje?

Mzee Busara: Muache. Watoto hawajui rangi, wanacheza na yeyote. Wanaopanda mbegu hiyo ni walimu, na nyie wazazi wa kusoma mtandaoni.

Ticha: Mzee wangu, shikamoo kwanza. Walimu tena? Mtoto akija darasani tayari anasema "sikai na yule, mchafu," nimemfundisha mimi? Na hilo la hawajui rangi lilishapimwa kule Marekani miaka ya 1940. Watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wakapewa wanasesere waliotofautiana rangi tu. Yupi mzuri? Wengi wakachagua mweupe. Yupi anafanana na wewe? Wengine wakaangua kilio.

Kisiki: Si yule mwalimu aliyegawa wanafunzi kwa rangi ya macho?

Ticha: Hapana. Wa wanasesere ni Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe. Kazi yao ilitajwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954. Wa macho ni Jane Elliott, 1968, darasa la tatu, akitaka watoto waonje ubaguzi ulivyo, siku moja tu baada ya kuuawa Martin Luther King.

Kisiki: Huyohuyo. Anaambia watoto wenye macho fulani kwamba wao ni bora, wakaongezewa mapumziko, wenzao hapana, baadaye akageuza. Ingekuwa mwanangu, ningemfuata mkuu wa shule siku hiyohiyo.

Mzee Busara: Si nilisema walimu!

Ticha: Umerukia macho, wanasesere umewapita kama huwaoni.

Dada Mkubwa: Mnajadili umri kana kwamba kila mtoto anapewa nafasi ya kusubiri. Ruby Bridges, mtoto mweusi wa Marekani, alikuwa na miaka 6 mwaka 1960, anaingia shule ya wazungu akisindikizwa na askari wa serikali, watu wazima wanamzomea. Wazazi wazungu wakawatoa watoto wao, mwaka mzima akasoma peke yake na mwalimu mmoja. Huyo angeambiwa lini, akifika kumi na minane?

Mzee Busara: Binti, punguza ukali. Wewe umelea wangapi?

Dada Mkubwa: Sina mtoto. Kwani nilikuwa mtoto wa nani, wa mti?

Kisiki: 😂 Wasio na watoto ndio mabingwa wa malezi.

Dada Mkubwa: Na wenye nao wanawafinya kwenye basi.

Mama Pacha: Mimi nimekukosea nini? Nimeuliza vizuri tu.

Ticha: Mama Pacha, usimjali. Ungemjibu tu: ndiyo, ngozi yake nyeusi, watu tuna rangi mbalimbali, sasa shusha kidole. Ulipomfinya ameelewa kuna aibu kwa yule mtu.

Mama Pacha: Kwa hiyo mbaguzi ni mimi sasa! Mtu unafinya ili mtoto awe na adabu. Asanteni, nitaongea na shangazi yake.

Mzee Busara: Hata sisi tulifinywa, mbona tupo?

Kisiki: Bado hamjanijibu. Huyo mwalimu wa macho, wazazi aliwaomba ruhusa?